Kura Moja Keur Yoro

Keur Yoro, 6 Novemba 1977

Gora mwanangu,

Amani iwe kwako kwanza, halafu kwa mkeo Astou, halafu kwa wote mnaokula nao sinia moja huko Pikine, pembeni mwa Dakar. Sisi wazima. Goti langu la kushoto tu ndilo lina mambo yake: likiamka vizuri natembea, likinuna nakaa. Mvua imetutupa mwaka huu. Karanga ukizing'oa unapata majani mengi na maganda matupu, na watu wameshaanza kula mawele ya akiba. Mbuzi wangu mweusi kazaa mapacha. Imamu amepofuka jicho moja lakini bado anaona nani kachelewa msikitini.

Barua yako ya mwisho niliisoma kwa taabu, hebu aibika kidogo. Mimi ndiye niliyekufundisha herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, kwenye ubao, mwandiko wako ukasifiwa mpaka Nioro. Sasa umekuwa fundi wa kiwanda cha kuchapa, unapanga herufi za Kifaransa kutwa, na ukiniandikia mimi ni kama kuku kapita kwenye unga. Lakini endelea hivyo hivyo. Herufi hizi makarani wa posta hawazijui, na kwa hilo ninalotaka kukuuliza ni afadhali.

Ijumaa iliyopita tulipotoka msikitini, Modou Khouma, katibu wa kamati ya chama kikubwa hapa kwetu, alisema mbele ya watu wote kwamba umeonekana Kaolack. Ulikuwa juu ya lori, kipaza sauti mkononi, unahutubia kwa ajili ya kile chama kipya. Alisema kwa sauti kubwa ili baba yako asikie. Baba yako ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, unajua. Alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, akaja nyumbani, akala, akamsifu mpishi, ambaye ni mimi, maana tangu mama yako atutoke ni mimi ninayempikia na kumfulia.  Tangu siku hiyo jina lako halitamki. Akitaka kukutaja anasema "yule wa Dakar".

Kaolack na hapa ni mwendo wa asubuhi moja tu. Kama kweli ulikuja mpaka pale, mbona hukufika kunisalimu? Na hicho chama ni kitu gani? Niambie ukweli, mimi shangazi yako si askari.

Ngoné Gueye


Pikine, 27 Novemba 1977

Shangazi yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na goti lako. Nawasalimu wote, na mbuzi na mapacha wake. Samahani kwa mwandiko, safari hii nimeandika polepole, ona mwenyewe.

Habari kubwa kwanza: Astou ana mimba. Mkunga anasema atajifungua mwezi wa tatu. Anatapika kila anaponusa samaki, na kwa binti wa ukoo wa Seck hayo ni maajabu, maana unavyowajua watani zetu hawa, chakula hakijawahi kuwakimbia.

Ni kweli, Shangazi, nilikuwa juu ya lori. Chama hiki nimeingia mwaka jana. Utacheka nikikueleza jina tulivyolipata. Serikali imetoa sheria kwamba vyama viwe vitatu tu, na kila kimoja kishike fikra moja kati ya tatu zilizoandikwa. Chama kikubwa kikachukua ujamaa wa kidemokrasia. Wale wa siasa kali wakapewa ya Marx. Ikabaki ya uliberali. Sisi tulipoanza tulikuwa tunajiita watu wa wafanyakazi, lakini tukaambiwa ni hiyo iliyobaki au mlango ule pale. Tukaichukua. Kwa hiyo nililala mtu wa wafanyakazi, nikaamka mliberali.

Mwanzoni na mimi nilicheka. Sasa sicheki. Nimekaa kwenye mikutano, nimesikiliza, na nimeona nguo inanitosha. Maana yake, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kwamba kila mtu awe na sauti yake mwenyewe, wewe uwe na yako na Modou Khouma awe na yake. Mkulima asiulizwe kadi ya chama ndipo apate haki yake. Gazeti liandike. Na serikali ikituchosha tuitoe kwa kura, hakuna kuchoma nyumba ya mtu. Sisi ni watu wa katikati, Shangazi. Huku watoto wa chuo kikuu wanatutukana kwamba tumepoa, huko wakubwa wanatutukana kwamba ni wahuni.

Sasa nina ombi, na ni wewe tu wa kulipeleka. Mtoto akiwa wa kiume nataka aitwe Matar, awe wajina wa Baba. Siwezi kumpa jina la mzee ambaye hataki, na siwezi kumwita jina lingine nikalala usingizi. Muombe kwa niaba yangu. Aje siku ya jina, akae mkekani, asikie imamu akilitamka. Sitamwomba kitu kingine tena.

Kuhusu kwa nini sikufika nyumbani siku ile, lori liliondoka haraka.

Mwanao,
Gora


Keur Yoro, 9 Januari 1978

Gora,

Usidhani nimekusahau. Nilitafuta siku nzuri, na kwa kaka yangu siku nzuri msimu huu ni chache. Tunakusalimu. Mwambie Astou Seck, mtani wangu, mla masinia wee, kwamba atafune tangawizi kabla ya kuinuka kitandani, na asinyanyue ndoo. Nilipopata habari ya mimba nililia nikiwa jikoni, nikasingizia moshi.

Kuhusu chama chenu: kwa hiyo wenzenu walichagua nguo sandukuni, nyinyi mkavaa iliyobaki. Hakuna ubaya. Mimi nilizaliwa wa tano katika wasichana watano, sijawahi kuvaa nguo niliyoichagua mpaka nilipoolewa, na nilipendeza. Lakini usiniambie lori liliondoka haraka. Mimi nimekulea. Kuna kitu hukusema, na nimekiona kwa sababu sentensi ile umeiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote.

Nilimwomba. Ilikuwa jioni, chai iko raundi ya pili, yuko peke yake. Nikamwambia: "Kaka, Astou ana mimba, na mtoto akiwa wa kiume wanaomba jina lako." Alimaliza kwanza chai yake. Kisha akasema: "Jina langu si tangazo la kubandika ukutani." Nikamwambia, "Ni mjukuu wako, si ukuta." Akasema, "Muulize yule wa Dakar alisema nini juu ya lori kuhusu mbegu."

Kwa hiyo nakuuliza. Modou Khouma anadai ulisema kwamba wenyeviti wa ushirika wanawapa mbegu wenye kadi ya chama kikubwa kwanza, na wasio na kadi wanapewa mabaki yaliyotobolewa na wadudu. Mwenyekiti wa ushirika wa hapa ni baba yako. Hukujua hilo ulipofungua mdomo? Gora, mimi niliolewa nikaondoka, nikafiwa na mume nikarudi, na huyu kaka yangu alitoka mpaka barabarani akanibebea mizigo yangu kichwani mbele ya watu. Mwenyekiti mzima! Usiniweke katikati yenu nikachanika.

Jibu bila kuzunguka.

Ngoné


Pikine, 22 Januari 1978

Shangazi,

Salamu kwa wote. Astou hajambo, tangawizi imesaidia, na anasema wewe ndiye mlafi.

Nilisema. Jina lake sikulitaja, lakini nilisema, na ni kweli, na wewe unajua ni kweli. Mzee Sadibou alikataa kadi na miaka miwili akapanda mbegu zisizoota. Watu walipiga makofi, na mimi nikafurahia yale makofi, hilo nakiri.

Na lori halikuondoka haraka. Niliteremka, nikapanda gari mpaka njia panda, nikatembea kwa miguu mpaka kwenye ghala la ushirika. Baba alikuwa kwenye mizani, anapima gunia la mtu. Aliniona. Nakuapia aliniona, Shangazi, macho yetu yalikutana. Halafu akainamisha kichwa akaendelea kusoma mizani. Nilisimama kidogo, nikageuka. Nilisema moyoni basi, amenikataa. Nilitembea mpaka njia panda nalia kama mtoto, mtu mzima mwenye ndevu. Ndiyo maana sikufika kwako. Ningekuja na uso ule ungeniuliza.

Uchaguzi ni tarehe ishirini na sita Februari. Nisikilize vizuri. Mkifika shuleni kupiga kura mtapewa karatasi za rangi za kila chama na bahasha. Kutakuwa na kituturi, kile kibanda cha pazia. Sheria inasema anayetaka aingie, asiyetaka asiingie. Kwa hiyo vijijini hakuna anayeingia, kila mtu anatia karatasi ya kijani, ya chama kikubwa, ndani ya bahasha hadharani, na anayepita nyuma ya pazia wanajua ameasi. Ukitoka wanakudai karatasi zilizobaki, waone kama ya kijani haimo. Wewe usiingie. Sitaki upate shida kwa ajili yangu. Tia ya kijani, nenda nyumbani ukapike. Nitakupenda vile vile.

Gora


Keur Yoro, 3 Machi 1978

Mwanangu Gora,

Salamu nyingi. Imamu, majirani, wote wanakusalimu, isipokuwa wale ambao hawanisalimu na mimi kwa sasa, na ni wengi.

Niliingia.

Wewe ndiye wa kulaumiwa. Mimi hata nisingejua kama kibanda kile kina kazi, ningedhani ni cha mwalimu kutundikia koti. Lakini umeniambia usiingie, na mimi tangu utotoni mtu akiniambia usiingie! Miaka sitini na miwili, Gora, sijawahi kukaa mahali peke yangu nikaamua jambo pasipo mtu kunitazama mikono. Nilipangwa foleni na wanawake wa kamati, sote tumevaa vitenge vyenye picha ya mkubwa wa nchi. Baba yako amekaa mezani, yeye alipiga kura wa kwanza, kabla mlango haujafunguliwa kwa watu. Nikapewa karatasi zangu na bahasha. Nikatazama kule penye pazia. Nikaenda.

Kimya kilichoingia darasani! Nilisikia mpaka kuku nje. Ndani mle pana meza ndogo na ukuta ulioandikwa hesabu za kuzidisha. Nikakaa. Nikapumzisha goti. Nilikaa sana, nadhani, kwa sababu mtu alikohoa. Nilichofanya mle ndani usiniulize. Nikatoka, nikatumbukiza bahasha, na zile zilizobaki nilikuwa nimezichana vipande nikavifunga kwenye ncha ya kitenge. Modou Khouma akanidai mlangoni, "Mama Ngoné, tuone zilizobaki." Nikamwambia, "Njoo ufungue kitenge changu mwenyewe kama mama yako alikulea hivyo." Akarudi nyuma.

Walipohesabu, kijani mia moja themanini na sita, na ya samawati, ya kwenu, moja. Moja tu, Gora. Kijiji kizima kikageuka kunitazama. Siku iliyofuata wanawake wa kamati walikuja kuchukua ngoma niliyokuwa nikiitunza, na Kiné, muuza samaki wakavu, ndiye pekee aliyenisalimu, kwa sababu yeye anamsalimu kila mteja. Watoto wananiita "Bibi Liberali". Nimewaambia waliseme vizuri basi, wanalikata.

Modou Khouma alitaka baba yako anikemee mkutanoni. Baba yako alisimama akasema: "Dada yangu ni mtu mzima. Kibanda kiliwekwa na serikali, na sheria inaruhusu." Akakaa. Hakusema zaidi, wala nyumbani hakusema. Anakula, anamsifu mpishi. Naumwa na kimya chake kuliko maneno ya wengine wote.

Astou amefikia wapi? Siku zinakaribia.

Ngoné


Pikine, 11 Machi 1978

Shangazi yangu, mama yangu,

Nampa barua hii Kiné, nimemkuta soko la hapa anapakia mizigo, ameapa atakufikishia mkononi Jumatatu. Posta ingechelewa.

Mtoto amezaliwa Alhamisi alfajiri. Wa kiume. Mzito, mweusi, ana masikio ya Baba, yale yale yaliyokaa pembeni kana kwamba anasikiliza jirani. Astou mzima. Anasema umletee huo mdomo wako aukanye mwenyewe.

Barua yako niliwasomea wenzangu wa tawi, sehemu ya pazia. Walisimama, Shangazi. Watu wazima, mafundi wa reli, walimu, walisimama wakapiga makofi kwa ajili ya mwanamke wasiyemjua. Tumepata viti bungeni kwa mara ya kwanza, lakini mimi naringa kwa ile kura moja ya Keur Yoro. Umenipigia wewe, nyuma ya pazia, kijiji kizima kikikutazama. Sijui nitakushukuruje.

Jina litakuwa Alhamisi, tarehe kumi na sita, saa nne. Wewe ndiye shangazi, bila wewe hakuna wa kumpakata mtoto anaponyolewa. Uji wa mawele na maziwa ya mgando utakuwepo, na kondoo nimeshampata. Kuhusu jina nimekubali. Baba hataki, na nimechoka kuomba. Tutamwita Ibou, jina la baba yake Astou. Ni jina zuri. Nimelizoea tangu jana, nalitamka tamka.

Usimwambie Baba kwamba nimelia.

Gora


Keur Yoro, 14 Machi 1978

Gora,

Kiné anarudi Dakar leo, amesimama mlangoni na ananiharakisha, kwa hiyo salamu zote zichukue zikiwa mafungu mafungu. Ukimaliza kusoma, barua hii ichome.

Ile kura si yangu.

Usikasirike, mwanangu. Nilipokaa mle ndani nilizitandaza karatasi zote mezani. Nilikufikiria. Nikamfikiria kaka yangu njiani na mizigo yangu kichwani. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyenitazama, nikajiuliza mimi Ngoné nataka nini, nikaona siwezi kumwacha. Nikatia ya kijani. Waambie wale mafundi wa reli wakae chini. Niliingia kama mliberali nikapiga kura kama dada, na kama nimeelewa ulivyonieleza, ni haki yangu. Walipotangaza ile moja, mimi mwenyewe nilishtuka kuliko wote. Sikukwambia kwa sababu sikutaka kukunyang'anya furaha, na sikumjua mwenyewe ni nani.

Jana Kiné aliniletea barua yako. Nikamwambia kaka yangu, "Wa kiume. Alhamisi watampa jina." Sikumwambia jina gani.  Halafu akaingia chumbani, akatoka na kanzu yake kubwa ya buluu, ile ya siku za maana, ambayo hakuivaa tena tangu siku ya kura. Akanipa. "Ifue," akasema, na akaenda zake shambani.

Kabla ya kuloweka nikapapasa mfuko wa kifuani, kama kawaida. Mna karatasi imekunjwa mara nne. Ya kijani, Gora. Ile aliyotakiwa aitumbukize. Yeye alipiga kura wa kwanza, na nani angemdai mwenyekiti zilizobaki? Sijui alisahau, au aliiacha nione. Mtu huyu hasahau kitu.

Nikaipeleka mezani, nikaiweka kando ya bakuli lake la chakula cha mchana. Akaitazama. Nikamwambia, "Wiki mbili, Matar! Wiki mbili nabeba mimba isiyo yangu! Wamenichukulia ngoma! Watoto wananicheka!" Nilikuwa na hasira, nilitaka kumrushia mwiko. Akacheka. Miezi sijamsikia akicheka. Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kufuta na kicheko kimeshakwisha, ndipo nikaelewa si kicheko tena, nikakaa chini karibu naye.

Akasema: "Niliogopa mtoto asije akapata sifuri kijijini kwao."

Basi, hilo tu. Baadaye, ameshakula, akasema la mbegu ulisema kweli, na kwamba Sadibou msimu huu kapewa gunia zima zima. Lakini ungeanza kwa kumwambia yeye, akasema, kabla ya kuwaambia watu wa Kaolack. Na siku ile kwenye mizani hakuinamisha kichwa kukukataa. Aliinama kwa sababu machozi yalimjia mbele ya wateja. Alipoinua uso ulikuwa umeshafika barabarani, na miguu yake haikujua ikukimbilie au ibaki. Anasema vilevile kwamba yeye si mliberali na hatakuwa, usije ukamwandikia karatasi za uanachama.

Kanzu imeanikwa uani, na upepo wa leo mzuri, itakauka. Kesho asubuhi na mapema tunapanda gari, mimi na yeye. Jina la Ibou ni zuri, mpeni mtoto wa pili. Alhamisi mwambie imamu wenu asubiri. Asitamke jina lolote sikioni mwa mtoto mpaka mwenye jina awe amekaa mkekani.

Shangazi yako,
Ngoné